Aliyepoteza Kazi Bandarini Anadai Nini?

Ruzuku ya mafunzo kwa wafanyakazi walioathiriwa na biashara ya nje ni fedha ambazo serikali hutoa ili mtu aliyepoteza riziki yake kwa sababu ya bidhaa, mikopo au mikataba ya kutoka ng'ambo aweze kujifunza kazi nyingine. Marekani iliiweka katika sheria mwaka 1962, Rais Kennedy alipotaka Bunge limruhusu kupunguza ushuru wa forodha. Umoja wa Ulaya ukaanzisha mfuko wake mwaka 2007. Kenya haina mpango wa namna hiyo. Hata hivyo, swali lililo nyuma ya mipango hiyo ni la kale kuliko sheria zenyewe, na kisiwa cha Mombasa kina sababu ya kuliuliza kuliko mji mwingine wowote wa Kenya. Nchi ikifaidika na biashara ya nje, na faida hiyo ikamgharimu mtu kazi yake, je, mtu huyo akipewa mafunzo anapewa sadaka, au analipwa deni?

Majibu hayo mawili yana matokeo tofauti kabisa. Mwenye kutoa sadaka ndiye anayechagua amsaidie nani, lini na kwa kiasi gani. Akitoa kidogo hushukuriwa, asipotoa hakuna hakimu wa kumwita. Deni lina mwenyewe. Lina kiasi chake na muda wake, na anayelidai hupiga hodi kichwa kikiwa juu. Fedha za mafunzo nchini Kenya zimezoeleka kuja kwa sura ya sadaka: mradi wa miaka michache wenye fedha za mfadhili, sherehe ya uzinduzi, orodha ya walioteuliwa, kisha kimya. Ukiangalia dini na falsafa zinazojulikana Mombasa, utaona zinaelekea upande wa deni, na zinaeleza pia ni deni la aina gani.

Mombasa haiwezi kuijadili biashara ya nje kana kwamba ni jambo la wageni, kwa kuwa mji wenyewe umejengwa nayo. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yakiwa na tende, mazulia na nguo, yakatia nanga Bandari ya Kale, kisha yakangoja kusi yarudi na boriti za mikoko, nafaka na pembe. Nyumba za ghorofa za Ndia Kuu na milango ya nakshi ya Mji wa Kale zilipatikana kwa mzunguko huo. Hata leso, vazi linalohesabiwa kuwa la Waswahili kuliko yote, kwa muda mrefu limekuwa likibuniwa na kupewa jina Mombasa, likapigwa chapa India au Japani, kisha likauzwa katika maduka ya Mtaa wa Biashara. Mtu wa kisiwa hiki akiilaani biashara ya nje, analaani na tumbo lililomzaa. Kwa hiyo mjadala hauhusu kuifunga bahari. Unahusu mtu anayeachwa ufukweni kila biashara inapogeuka njia.

Na imegeuka mara nyingi. Gati za kina kirefu zilipojengwa Kilindini miaka ya 1920, meli kubwa zilihamia upande wa pili wa kisiwa. Serikali ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982, jahazi likakosa shehena kuu ya kurudia kwao. Waliobaki Bandari ya Kale walikuwa mafundi wa daraja la juu. Nahodha alisoma nyota, rangi ya maji na mkondo wa mlango wa bahari. Hamali alishuka ubao mwembamba ulioegemezwa jahazini, gunia begani, hatua zake zikifuata mtikisiko wa ubao ili usimtupe majini. Fundi wa kalafati alisukuma pamba yenye mafuta katikati ya mbao, akajua kwa mlio wa nyundo mahali palipojaa na mahali palipobaki wazi. Ujuzi wote huo haukuwa na cheti. Ulipokosa soko, mwenyewe hakuwa na karatasi ya kumthibitishia tajiri mwingine kwamba alikuwa fundi. Upande wa Kilindini nako yakaja makontena, na kreni moja na mwendeshaji wake vikafanya kazi ya genge zima la makuli.

Lakini kisa kilicho wazi kuliko vyote ni cha juzi tu. Reli ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi, yenye urefu wa kilomita zipatazo 472, ilijengwa na kampuni ya China kwa mkopo uliotoka kwa sehemu kubwa katika Benki ya Exim ya China. Treni ya abiria ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na ya mizigo ikaanza Januari 2018. Mkopo hudai kulipwa, na reli isiyo na mzigo hailipi. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo yote inayoingia nchini kwenda Nairobi na bara ipakiwe kwenye reli, ikamalizie shughuli za forodha katika bandari kavu ya huko.

Uzito wa amri hiyo unaeleweka ukilifuata kontena moja. Kabla yake, kontena lililoshushwa Kilindini lilipelekwa mara nyingi katika yadi za makontena za Changamwe na kandokando yake. Wakala wa klaring mwenye ofisi ya chumba kimoja barabara ya Moi au Nkrumah alizungusha karatasi zake. Karani wa yadi aliliandikisha, vibarua wakalifungua likakaguliwa, wakalifunga. Dereva wa trela na tanboi wake wakalipokea jioni. Fundi wa puncha huko Miritini aligonga magurudumu kuyasikiliza. Mama mwenye sufuria ya wali na birika la chai kando ya barabara aliwalisha wote hao, na huko mbele Mariakani, Voi na Mtito Andei kulikuwa na wengine wa kuuza mafuta, chakula na vitanda. Chini ya amri mpya, kontena hilohilo liliteremshwa na kreni, likawekwa juu ya behewa, likafunguliwa Embakasi, Nairobi. Mikono yote ya katikati ikabaki mitupu.

Watu wa Mombasa waliandamana kila Jumatatu kwa wiki kadhaa. Oktoba 2019 serikali ikaisimamisha amri hiyo kwa muda. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikatamka kwamba ilikwenda kinyume na Katiba, na moja ya kasoro zake kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zingerudi Mombasa. Ilikuwa imepita miaka mitatu tangu amri itolewe. Amri ile haikuja na mfuko wowote wa kumfundisha upya dereva au karani, na kurudishwa kwa shughuli hakukuja na malipo ya miaka iliyopotea.

Sheria iliyopo ilimpa mfanyakazi kitu kimoja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja na kulipa kwa uchache mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimizwa kazini. Karani wa yadi aliyetumikia miaka minane huondoka na kama miezi minne ya mshahara. Kibarua wa kutwa, aliyesimama langoni kila asubuhi kwa miaka hiyohiyo minane, mara nyingi huondoka hivihivi, kwa kuwa hakuna hesabu ya miaka inayomhusu. Mama wa wali hatajwi popote.

Wanauchumi wana njia yao ya kuhalalisha hali hii. Mwaka 1939 Nicholas Kaldor na John Hicks, waliokuwa wakifundisha Uingereza, walitoa kipimo ambacho kimeongoza sera za biashara tangu hapo: hatua ya serikali inafaa ikiwa waliofaidika wamepata kiasi cha kuweza kuwafidia waliopata hasara na bado wao wakabaki na ziada. Kipimo hicho hakidai fidia itolewe kweli. Kinaridhika kwamba ingewezekana. Hapo ndipo ulipo ubaya wake. Kinamwambia dereva wa Changamwe kwamba hasara yake imehesabiwa, imepatikana kuwa ndogo kuliko faida ya taifa, na kwa hiyo jambo limekwisha. Fidia ya kwenye karatasi haimlipii mtoto karo, na mtu aliyeumizwa hapozwi kwa kuambiwa kwamba waliofaidika wangemudu kumtibu.

Fiqhi ya Kiislamu, ambayo kwa muda mrefu imekuwa lugha ya haki katika Mji wa Kale, haiachi mwanya huo. Kanuni zake kuhusu madhara zilikusanywa rasmi na dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, lakini ni za kale zaidi ya hapo. Moja hukubali kwamba madhara ya watu wachache yanaweza kuvumiliwa ili kuondoa madhara ya umma. Serikali inayojenga reli ingeipenda sana kanuni hiyo ikiwa peke yake. Wanazuoni hawakuiacha peke yake. Waliiwekea nyingine kando, kwamba dharura haifuti haki ya mwingine, na mfano wao ni mtu mwenye njaa ya kufa: anaruhusiwa kula chakula cha mwenziwe bila ruhusa, na baadaye ni lazima akilipe thamani yake. Kitendo ni halali na deni lipo palepale. Kanuni ya tatu inafunga hoja: anayechuma faida ya jambo ndiye anayebeba mzigo wake. Kwa kipimo hiki serikali haihitaji kuwa imetenda dhambi ili idaiwe. Reli inaweza kuwa ya manufaa, mkataba unaweza kuwa mzuri, na dereva bado akawa na dai lake mkononi.

Katiba ya Kenya ya 2010 inaikubali kanuni hii katika ardhi. Kifungu cha 40 kinaitaka dola inayotwaa mali ya mtu kwa manufaa ya umma imlipe fidia ya haki, tena bila kuchelewa. Katika njia ya SGR wenye mashamba na nyumba walihesabiwa kuwa ni wa kulipwa; malipo yenyewe yalicheleweshwa na kuzozaniwa, lakini hakuna aliyesema kwamba hawakuwa na haki ya kudai. Mwenye minazi kumi alikuwa na dai mbele ya sheria. Mwenye ujuzi wa miaka ishirini ya kuendesha trela hakuwa nalo. Ni vigumu kupata sababu ya tofauti hii iliyo nzito kuliko mazoea: shamba lina hati, na ujuzi hauna. Kwa mtu asiye na shamba, mikono yake ndiyo shamba.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina nguvu. Hakuna mtu anayemiliki kazi, wanasema, kama vile hakuna mfanyabiashara anayemiliki wateja. Mwenye duka la leso hupata hasara duka jipya likifunguliwa mkabala naye, na hakuna anayemfidia. Imepokewa pia kwamba bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume awawekee bei, naye akakataa, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa bei ni katika mambo ya Mwenyezi Mungu na yeye hakutaka kumdhulumu mtu. Riziki huja na huenda. Serikali itakayolipa kila hasara ya soko itafilisika kabla ya mwaka kwisha, na itawazoesha watu kudai badala ya kuhangaika.

Hoja hii ni sahihi kwa soko linalojiendea lenyewe. Amri ya Agosti 2019 haikuwa soko. Wenye mizigo hawakuihama barabara kwa sababu reli iliwapa bei nzuri zaidi, waliamrishwa. Anayepoteza kwa mashindano amepatwa na hali ya biashara. Anayepoteza kwa mkono wa mtawala ana mtu wa kumdai. Ni kweli kwamba mpaka kati ya hali hizo mbili hauko wazi siku zote. Mitumba iliyofurika Kenya baada ya milango ya biashara kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ililetwa na wafanyabiashara, lakini mlango ulifunguliwa na serikali. Kofia za kiwandani kutoka Asia, zinazouzwa hatua chache kutoka kwa washonaji wa kofia za mkono za Mji wa Kale, ziliingia kwa ushuru uliopangwa na mtu. Kuna mahali ambapo mkono wa serikali unaonekana wote, mahali unaonekana nusu, na mahali hauonekani kabisa.

Kwa wale ambao mkono huo hauonekani, hoja ya fidia haifiki, na hapo dini huleta msingi wa pili usiouliza nani aliyesababisha. Huuliza tu nani anahitaji. Mwanazuoni Ghazali, aliyefariki 1111, aliuhesabu ufundi ambao watu hawawezi kuishi bila yake, kama kilimo na ufumaji, kuwa ni fardhi kifaya: lazima mtu ajifunze, na jamii nzima hupata dhambi ikikosekana wa kuufanya. Kwa kipimo hicho, kufundishana kazi ni wajibu wa mji, haiwi hisani ya mtu mmoja mwenye nafasi. Imam Nawawi, aliyefariki 1277 na ambaye vitabu vyake vya madhehebu ya Shafii vimesomwa na vizazi vya wanafunzi wa pwani hii, anakwenda mbali zaidi katika mlango wa zaka. Fakiri mwenye ufundi hapewi chakula cha siku moja. Hupewa cha kununulia vyombo vya kazi yake, viwe vya bei ndogo au kubwa, na kiasi hupimwa kwa kazi yenyewe: muuza mboga humtosha dirhamu chache, na muuza vito huenda akahitaji maelfu. Lengo ni kumtoa mtu katika ufakiri asirudi tena. Mafunzo ya wiki mbili yanayotolewa sawasawa kwa kila mtu, bila kujali kazi anayoiendea, yasingekidhi sharti la mwanazuoni huyu wa karne ya 13.

Hadithi inayopendwa na wahubiri kuhusu mtu wa Madina aliyekwenda kuomba inafaa kusomwa kwa makini katika suala hili. Mtume alimuuliza ana nini nyumbani, akaviuza kwa mnada vitu vyake viwili, guo na chombo cha kunywea, kwa dirhamu mbili. Moja ikanunua chakula cha nyumba. Ya pili ikanunua shoka, ambalo Mtume alilitia mpini kwa mkono wake, akamtuma mtu yule akakate kuni na asirudi kabla ya siku 15. Husimuliwa mara nyingi ili kuwakemea waombaji. Ina zaidi ya hayo. Chakula cha familia kilitangulia shoka, kwa kuwa mtu hajifunzi kazi huku watoto wana njaa. Chombo cha kazi kilikuwa kizima, na mpini wake tayari. Kazi yenyewe ilikuwa na soko, maana kuni zilinunuliwa Madina kila siku. Mipango mingi ya mafunzo ya leo inakosa moja ya mambo hayo au yote matatu.

Ukristo, ambao nao una makanisa makuu mawili katikati ya kisiwa, unafika karibu na hapo kwa njia yake. Katika mfano wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo, vibarua waliosimama sokoni hadi saa kumi na moja wanaulizwa kwa nini wamekaa bure, nao wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hawaiti wavivu. Anawalipa kutwa nzima. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa 1981 kuhusu kazi, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya binadamu, na kwamba kumtunza asiye na kazi ni wajibu unaotokana na haki yake ya kuishi. Kibarua wa lango la bandari anajulikana vizuri katika maandiko haya kuliko anavyojulikana katika Sheria ya Ajira.

Likishakubaliwa kuwa ni deni, linabaki swali kama mafunzo ndiyo malipo yake yanayofaa. Uzoefu wa Marekani unatia mashaka. Mpango wa 1962 ulidumu miongo sita, ukaongezwa na kupunguzwa mara nyingi, na mwaka 2022 mamlaka yake ya kuwapokea wafanyakazi wapya yakaisha bila kuhuishwa. Vyama vya wafanyakazi viliuita bima ya mazishi: kiwanda hufa kwanza, kisha mfiwa hupewa kitu. Mtu wa miaka 50 aliyepelekwa darasani kujifunza kompyuta katika mji usio na ajira za kompyuta hana alichopata ila kupitisha muda. Na lipo jambo zito zaidi. Kumwambia nahodha au dereva mkongwe ajifunze upya kunaweza kuwa njia ya kumwambia kwamba alichokuwa nacho hakikuwa kitu. Deni linalolipwa kwa kumdhalilisha mdai halijalipwa vizuri.

Kwa sababu hiyo malipo ya heshima huanza kwa kuupima ujuzi ambao mtu tayari anao. Kenya ina mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, na imeanza kuweka utaratibu wa kuwatambua rasmi mafundi waliojifunzia kazini. Fundi wa kalafati angeweza kutahiniwa kwa mikono yake, bila kuulizwa alifika darasa la ngapi. Dereva wa trela anajua mizigo, forodha, injini na barabara ya kwenda Kampala. Hahitaji kuanzishwa upya kama mtoto, anahitaji kuongezewa kidogo upande mmoja. Chuo cha Bahari cha Bandari kipo Mombasa, na tangu 2018 kina hadhi yake chini ya sheria. Walimu wapo, karakana zipo, na wenye kuhitaji kusoma wako umbali wa nauli ya matatu.

Kinachokosekana ni njia ya fedha kumfikia mhitaji. Kila mwajiri nchini hutakiwa kulipa NITA shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na mwajiri huyo ndiye anayeweza kudai arudishiwe gharama akiwafunza watu wake. Mfanyakazi huchangiwa miaka yote akiwa kazini. Siku anapoachishwa, yaani siku anapoyahitaji mafunzo kuliko wakati mwingine wowote, mlango hufungwa, kwa kuwa hana tena mwajiri wa kumwombea. Upande wa pili wa hesabu, serikali ilianza mwaka 2013 kutoza ada ya maendeleo ya reli, asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini. Biashara ya nje ilitozwa ili ijenge reli, na hakuna senti ya ada hiyo iliyotengwa kwa ajili ya watu ambao reli ingewaondoa kazini. Haiwezi kusemwa, basi, kwamba taifa halijui kuitoza biashara ya nje kwa kusudi maalumu.

Kisiwa chenyewe kimewahi kufanya zaidi kwa fedha za aina nyingine. Katika miaka ya 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwahimiza Waislamu wa pwani kupitia magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah wakabili kurudi kwao nyuma katika elimu na maendeleo. Mwaka 1948 ikaundwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kama MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni, ili kuwafundisha ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Baadaye ikafungua milango kwa watu wa dini zote, ikawa chuo cha ufundi mwaka 1966, politekniki mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hapo Tudor. Matajiri, viongozi wa dini na serikali waliweka fedha chungu kimoja kwa ajili ya mikono ya watu wasiowajua. Nyumba za wakfu zilizobaki kisiwani, chini ya Tume ya Wakfu, zingeweza kusaidia tena kwa namna hiyo. Hata hivyo, wakfu haupaswi kuiondolea serikali deni lake. Hisani ya waumini ni kwa wale ambao mkono wa serikali hauonekani katika hasara yao. Pale unapoonekana, serikali ilipe.

Ilipe kwa nani, na kwa hesabu ya nani? Hilo ni jambo la mashauriano, ambayo Qurani inayahesabu katika sifa za waumini na Katiba inayataka kwa jina la ushirikishwaji wa umma. Mombasa ina mfano wake. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari, reli na kazi nyingine, wapatao 15,000, waligoma. Walikutana kila siku katika uwanja wa mpira wa Kiembeni, wakauita Ofisi ya Maskini, na humo makuli, wapishi na matopasi wakasema wenyewe wanachodai. Orodha ya walioondolewa kazini na amri ya serikali ingepaswa kuandikwa kwa mtindo huo, hadharani, mtaa kwa mtaa, akiwemo kibarua asiye na barua ya ajira na mama wa wali, kwa sababu hasara yao ni ileile na haikungoja mkataba ili iwapate.

Bunge halihitaji kubuni mpango mpya kwa hatua ya kwanza. Kanuni za ada ya mafunzo ya viwandani zirekebishwe ili mfanyakazi aliyeachishwa aombe mwenyewe fedha alizochangiwa, zikiwemo za vifaa na za chakula cha nyumba wakati anasoma. Na sehemu ya ada inayotozwa bidhaa za nje itengwe kisheria kwa ajili ya wale wasiokuwa na mwajiri wa kuwachangia. Wabunge wa pwani, wa vyama vyote, wana jukumu la kuuwasilisha mswada huo, na wapiga kura wa kisiwani wana haki ya kuwauliza uko wapi.